Kutumia dawa za kisukari bila kupoteza misuli uzeeni

Mtu wa miaka 70 anaweza kutoka kliniki na majibu mazuri: sukari imeshuka, kilo 6 zimepungua, presha imetulia. Akifika nyumbani hawezi kuinuka kwenye kiti bila kushika meza. Vipimo havikukosea, ila hakuna aliyepima miguu yake. Tone la damu halionyeshi hali ya misuli, na mizani haijui kama kilo iliyopotea ilikuwa ya mafuta au ya nyama.

Maelezo haya ni ya mtu aliyevuka miaka 60 mwenye kisukari cha aina ya 2, pamoja na anayemtunza. Hayamwambii mtu aache dawa. Sukari iliyoachwa juu nayo hula misuli, kwa sababu insulini, mbali na kuingiza sukari kwenye seli, huuzuia mwili usivunje protini yake. Insulini ikipungua, au mwili ukiikaidi, uvunjaji huo unakosa breki. Kinachotakiwa ni kujua kila dawa inagusa wapi, kisha kupanga sahani na mazoezi kulingana nayo.

Anza kwa kupima nguvu

Tafuta kiti kigumu kisicho na magurudumu, chenye urefu wa sentimita 43 hadi 45 kutoka sakafuni, na ukiegemeze ukutani. Kaa, kunja mikono kifuani, halafu simama wima na ukae mara 5 kwa haraka unayoweza bila kujiumiza. Mwenzako aanze kuhesabu sekunde unapoanza na asimamishe saa unaposimama mara ya 5. Zikizidi 15, misuli ya miguu imedhoofu. Wataalamu wa Asia huanza kutilia shaka kuanzia sekunde 12, nasi tunaona heri kuushika mpaka huo wa mapema, kwani dalili hii haina maumivu ya kumshtua mtu. Ukishindwa kuinuka bila mikono hata mara moja, hilo nalo ni jibu, liandike.

Kisha pima mita 4 sakafuni na uzitembee kwa mwendo wako wa kila siku. Sekunde 5 au zaidi ni mwendo wa mita 0.8 kwa sekunde au pungufu, na huo ni mwendo wa kumweleza daktari.

Kipimo cha tatu ni utepe wa fundi cherehani kwenye shavu la mguu, pale palipo panene zaidi. Chini ya sentimita 34 kwa mwanamume au 33 kwa mwanamke huashiria misuli michache. Angalizo: mguu uliovimba hudanganya. Dawa ya kisukari iitwayo pioglitazoni na dawa ya presha iitwayo amlodipini zote zinaweza kuvimbisha miguu. Bonyeza kidole juu ya mfupa wa muundi kwa sekunde chache. Kikiacha shimo, usiuamini utepe.

Uzito upime mara moja kwa wiki, asubuhi baada ya kukojoa, kwenye mizani ileile. Ukipungua asilimia 5 ndani ya miezi 6 bila kukusudia, yaani kilo 3.5 kwa mtu wa kilo 70, usingoje tarehe ya kliniki.

Zisome dawa zako moja moja

Toa pakiti zote mezani. Usisome jina kubwa la biashara. Soma jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo chini yake, maana kidonge kimoja kinaweza kubeba dawa mbili.

Metformini hutumiwa na wengi, na kwa misuli ina mambo matatu ya kuangaliwa. La kwanza ni tumbo: kichefuchefu, kuhara na ladha ya chuma mdomoni humfanya mzee apunguze chakula kidogokidogo bila mtu kuona. Imeze pamoja na chakula au mara baada ya kula. Tumbo likiendelea kusumbua, omba aina inayotoa dawa polepole, na hiyo usiisage wala kuivunja. La pili ni vitamini B12. Metformini hupunguza ufyonzaji wake, na upungufu hujitokeza baada ya miaka, hasa kwa anayemeza dozi kubwa. Unyayo hufa ganzi, mtu huyumba, na kila mtu husema ni kisukari kimeharibu neva. Huenda ni kweli, huenda ni B12, na B12 inatibika. Omba ipimwe kwenye damu.

La tatu limezusha maswali mengi. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2019 uliwafuatilia watu wa miaka 65 na zaidi waliofanya mazoezi ya kunyanyua vitu vizito kwa wiki 14. Waliomeza metformini waliongeza misuli kidogo kuliko waliomeza vidonge visivyo na dawa. Lakini watu hao hawakuwa na kisukari. Kwa mwenye kisukari haiwi sababu ya kuacha dawa. Inamkumbusha tu kuwa mazoezi mepesi mno hayatamfaa.

Glibenklamidi, glimepiridi na gliklazidi huisukuma kongosho itoe insulini hata kama tumbo ni tupu. Hatari yake ni sukari kushuka ghafla. Mzee aliyewahi kuanguka kwa sababu ya sukari kushuka huogopa kutembea, hukaa, na miguu hunyauka kwa kukaa. Glibenklamidi ndiyo mbaya zaidi kwa umri huu kwa kuwa hukaa mwilini muda mrefu. Mtu aliyevuka miaka 65 anayeimeza ana haki ya kuuliza kama ipo nyingine ya kumfaa. Kundi hili humezwa pamoja na mlo. Uliza mapema ufanye nini na kidonge siku ambayo huwezi kula, na jibu liandikwe.

Empagliflozini na dapagliflozini hutoa sukari kwa njia ya mkojo, takriban gramu 60 hadi 80 kwa siku figo zikiwa nzima. Hizo ni kalori 240 hadi 320 zinazokwenda chooni. Kwa mtu mnene mwenye ugonjwa wa moyo au figo ni msaada mkubwa. Kwa mzee aliyekonda asiyekula vizuri, kalori hizo hulipwa na mwili wake mwenyewe, kwa hiyo jambo hili lizungumzwe na daktari. Dawa hizi huondoa maji pia, hivyo presha inaweza kushuka unaposimama. Amka kwa hatua: kaa ukingoni mwa kitanda, hesabu hadi 30, ndipo usimame.

Sindano za semaglutidi, liraglutidi, dulaglutidi na tirzepatidi zinahitaji mpango kabla ya dozi ya kwanza. Hupunguza njaa na kuchelewesha chakula tumboni, na uzito hushuka kweli. Katika majaribio makubwa ya semaglutidi na tirzepatidi kwa watu wanene, kati ya kila kilo 10 zilizopungua, kilo 2.5 hadi 4 hivi hazikuwa mafuta. Si zote zilikuwa misuli, kwani hesabu hiyo inabeba maji na viungo vingine, ila kwa mtu aliyeanza na akiba ndogo ya misuli hata nusu yake ni nyingi. Tena ukiiacha dawa uzito ukarudi, kinachotangulia kurudi kwa kawaida ni mafuta.

Kwa hiyo: pima kiti na mwendo kabla ya sindano ya kwanza. Anza mazoezi ya nguvu wiki hiyohiyo, usisubiri “nikishapungua”. Dozi ipande taratibu. Semaglutidi ya sindano ya wiki huanza na miligramu 0.25 kwa wiki 4, ndipo 0.5, tirzepatidi huanza na 2.5 kwa wiki 4, ndipo 5. Kama bado unatapika au unakula nusu ya sahani, mwombe daktari ubaki kwenye dozi uliyopo badala ya kupanda kwa sababu tu kalenda imefika. Sukari ikiwa tayari imetulia, hakuna tuzo ya kufikia dozi ya juu kabisa.

Sitagliptini na ndugu zake hawapandishi wala hawashushi uzito, na zikitumiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Nguvu yake ni ya wastani, lakini kwa mzee mwembamba mara nyingi huo ndio uzuri wake. Hazina faida kuongezwa juu ya zile sindano za kupunguza njaa. Pioglitazoni huongeza maji mwilini, haifai kwa moyo ulioshindwa kazi, na huongeza hatari ya kuvunjika mifupa, hasa kwa wanawake. Insulini yenyewe ni rafiki wa misuli. Adui ni dozi isiyolingana na chakula.

Lipo jambo linalosahaulika hata na wenye uzoefu. Kipimo cha kawaida cha figo hutegemea kreatinini, na kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Aliyenyauka huizalisha kidogo, hivyo figo zake huonekana nzima kuliko zilivyo, na dozi za dawa hupangwa kwa namba hiyo. Metformini, kwa mfano, hupunguzwa kazi ya figo (namba iitwayo eGFR kwenye majibu ya damu) ikishuka kati ya 45 na 30, na huachwa chini ya 30. Mzee mwembamba sana aulize kama kuna kipimo cha sistatini C, ambacho hakiyumbishwi sana na wingi wa misuli.

Protini kwanza, na iwepo asubuhi

Mtu mzima wa umri huu anahitaji gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku; akiwa mgonjwa au amekonda, hadi 1.5. Mwenye kilo 60 alenge gramu 72, sawa na 24 kila mlo kwa milo mitatu. Mgawanyo una maana, kwa kuwa misuli ya uzeeni huwa mizito kuitikia: gramu 8 haziishtui, gramu 25 hadi 30 kwa mkupuo huishtua.

Yai moja lina gramu 6 hivi. Maziwa mililita 250 yana 8. Kuku, samaki au nyama isiyo na mafuta iliyopikwa, gramu 100, ina 22 hadi 30. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina 15, na karanga gramu 30 zina 7. Sasa hesabu asubuhi ya chai na kipande cha mkate: ni gramu 3 au 4 tu. Wengi hupoteza mlo mzima hapo, kisha hujaribu kuufidia usiku. Mayai 2, glasi ya maziwa na karanga kidogo hufika 27.

Anayetumia sindano za kupunguza njaa aanze kula protini, afuate mboga, wanga uwe wa mwisho, maana hajui atashiba saa ngapi. Milo midogo minne au mitano humfaa kuliko mitatu mikubwa. Asinywe maji mengi katikati ya mlo. Ayanywe kati ya mlo na mlo. Meno yakiwa tatizo, nyama isagwe, samaki achambuliwe, maharage yapondwe. Watu wengi wanaosemwa hawataki nyama hawawezi tu kuitafuna.

Usifute wanga wote. Kalori zikiwa chache mno, mwili huichoma protini uliyokula kama kuni, na hesabu yote juu ya protini inakuwa bure. Maziwa na maharage yana wanga ndani yake, kwa hiyo yahesabiwe kama unapanga insulini kwa chakula.

Mwenye ugonjwa wa figo ambaye kazi ya figo iko chini ya 30 na hajaanza kusafishwa damu asipandishe protini kwa kusoma hapa. Apangiwe na mtaalamu wake. Akishaanza kusafishwa damu mahitaji hugeuka na kupanda.

Mazoezi ya nguvu mara tatu kwa wiki

Kutembea ni kwema kwa moyo na sukari, ila hakutoshi kwa misuli. Utafiti wa mwaka 2017 uliwachukua watu wanene wa miaka 65 na zaidi waliokuwa wakipunguza uzito kwa mlo. Waliofanya mazoezi ya pumzi, kama kutembea haraka, peke yake walipoteza asilimia 5 ya mwili usio mafuta, wa mazoezi ya nguvu peke yake asilimia 2, na waliochanganya yote asilimia 3. Waliochanganya ndio waliopata nafuu kubwa zaidi ya utendaji wa mwili.

Kabla ya kuanza, daktari akuone kama una maumivu ya kifua, kidonda mguuni, au jicho lililowahi kuvuja damu kwa sababu ya kisukari.

Fanya siku tatu zisizofuatana. Zoezi la kwanza ndilo mama wa yote: kuinuka kwenye kiti. Sogeza makalio hadi nusu ya mbele ya kiti. Nyayo ziachane kwa upana wa nyonga, visigino vikirudi nyuma kidogo ya magoti. Inamisha kifua mpaka pua ifike usawa wa vidole vya miguu, kisha sukuma sakafu kwa visigino na uinuke ukitoa pumzi. Kurudi chini kuchukue sekunde 3 hadi 4. Huko kushuka taratibu ndiko kunakojenga, nako ndiko watu wanakoharakisha, ukisikia kiti kimelia “pu!”, umejitupa. Magoti yakiingia ndani, yasukume nje yafuate vidole vya miguu. Asiyeweza bila mikono aweke mto mgumu kitini ili kiwe juu, autoe baadaye, na mikono iguse meza bila kuvuta.

Mengine ni haya: kusukuma ukuta ukiwa umesimama urefu wa mkono mmoja kutoka ukutani, kuinua visigino ukishika meza, kuvuta mpira wa mazoezi uliofungwa mahali imara, viwiko vikipita mbavuni, na kupanda ngazi moja mguu mmoja mmoja, pembeni pakiwa na kishikio. Malizia kwa kusimama mguu mmoja kwa sekunde 10, mkono ukiwa karibu na meza.

Kila zoezi lifanywe mara 8 hadi 12. Wiki mbili za kwanza seti moja yatosha, baadaye mbili, ukipumzika dakika moja hadi mbili kati yake. Uzito unaofaa hujulikana hivi: unapomaliza, unahisi ungeweza kuongeza mara 2 au 3 tu. Ukihisi ungeweza kuongeza 10, huo ni mchezo. Ukishafikisha seti 2 za mara 12 katika siku mbili mfululizo za zoezi, ongeza: chupa ya lita moja ya maji kila mkono ni kilo 1, au begi mgongoni lenye kilo 2. Wengi hukwama hapa. Hurudia zoezi lilelile la mwezi wa kwanza kwa mwaka mzima na kushangaa miguu haibadiliki.

Usibane pumzi unaponyanyua, kwani presha hupanda kwa ghafla, na jicho lenye mishipa dhaifu linaweza kuvuja. Mwenye ganzi miguuni avae viatu vilivyofungwa, akague nyayo baada ya zoezi kwa kioo au kwa macho ya mtu mwingine.

Sukari siku ya zoezi

Anayetumia insulini au vidonge vya kundi la glibenklamidi apime kabla. Ikiwa chini ya 5.0 mmol/L, yaani 90 mg/dL, ale kwanza gramu 15 za wanga. Ikishuka chini ya 3.9, yaani 70 mg/dL, aache zoezi, achukue gramu 15 za sukari ya haraka kama vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji au mililita 150 za juisi, asubiri dakika 15, apime tena. Anayetumia metformini au sitagliptini peke yake hana haja ya hofu hiyo.

Usichome insulini kwenye paja kabla ya kufanyisha miguu kazi. Hufyonzwa haraka kuliko ulivyokusudia, hivyo tumia tumbo. Sukari inaweza pia kushuka saa nyingi baadaye, hata usiku, kwa hiyo pima kabla ya kulala siku za mwanzo. Dawa za presha kama atenololi, bisoprololi na propranololi huficha mtetemeko na mapigo ya moyo. Jasho hubaki, basi jasho la baridi lisipuuzwe. Mazoezi mazito nayo yanaweza kuipandisha sukari kwa muda mfupi. Usiikimbize kwa insulini ya ziada, maana itashuka yenyewe kisha dozi ikukute chini. Ikizidi 13.9, yaani 250 mg/dL, na unajisikia vibaya, hakuna zoezi siku hiyo. Pima ketoni, yaani asidi zinazojaa mwili unapochoma mafuta kwa kukosa insulini, na uwasiliane na kliniki.

Ukiugua

Siku 10 za kulala kitandani ziliwatoa wazee wenye afya njema karibu kilo nzima ya misuli ya miguu, katika utafiti wa mwaka 2007. Mgonjwa hupoteza kwa kasi zaidi. Asipozuiwa na daktari, ale akiwa amekaa kitini, asimame na kukaa mara 5 kila saa chache, na anapolala akunje na kukunjua vifundo vya miguu.

Kukiwa na kutapika, kuhara au homa asiyokula nayo, empagliflozini, dapagliflozini na metformini kwa kawaida husimamishwa kwa muda, na hurudishwa baada ya saa 24 hadi 48 za kula na kunywa vizuri. Insulini ya msingi haiachwi kabisa, hata dozi ikibadilishwa. Aliyekuwa kwenye empagliflozini au dapagliflozini akianza kutapika, kuhema kwa nguvu na kuumwa tumbo apelekwe hospitali hata kipimo cha sukari kikiwa cha kawaida, kwa kuwa sumu ya ketoni kwa dawa hizi huweza kuja bila sukari kupanda sana.

Kliniki inayofuata, peleka karatasi yenye sekunde za kiti, sekunde za mita 4, uzito wa kila wiki na siku ambazo sukari ilishuka. Uliza lengo lako la HbA1c, yaani kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3 iliyopita, kwa asilimia. Mzee mwenye afya njema hulenga chini ya 7.0 hadi 7.5, mwenye magonjwa kadhaa, chini ya 8.0 hutosha. Ukikuta unameza glibenklamidi ili ubaki kwenye 6.3, kuna nafasi ya kupunguza dawa.

Rudia kipimo cha kiti kila wiki 4. Baada ya wiki 12 za kula na kufanya mazoezi kama ilivyoelezwa, sekunde zinapaswa kuwa zimeshuka. Zikibaki palepale au zikipanda, aangaliwe tezi ya shingo, vitamini D, B12, upungufu wa damu na, kama uzito unaendelea kushuka, saratani.